Bango Limepauka

Kwenye mlango wa benki yetu pana bango:
kofia, miwani ya jua, simu, bunduki,
kila kimoja kimekatwa mstari mwekundu.
Jua la ufukoni limekula wekundu wote.
Kofia imebaki. Miwani imebaki.
Na bunduki imebaki nyeusi tititi,
asiyejua kusoma atadhani
hapa ndipo zinapouzwa.

Nimemwambia meneja mara tatu.
Asema ataagiza jingine Mombasa.

Mimi ni Nyevu, askari wa mlango.
Nina rungu, filimbi, na kile kijiti
kinacholia kikinusa chuma.
Kimelilia funguo za nyumba za Shela,
kimelilia bakora, bangili, kopo la ugoro,
kimelilia goti la Bi Mwanaesha
lililotiwa chuma Mombasa mwaka juzi.
Kila mwisho wa mwezi
naliomba radhi goti lile.

Leo kijiti hakikuwa na haja ya kulia.
Buya, polisi wa akiba,
ametoka Witu alfajiri, amevuka Mokowe,
makatambuga miguuni, bunduki begani,
mkanda wake umekatika
umeungwa kwa kipande cha leso ya mkewe;
maneno ya leso yamekatwa, pamebaki
MENI MCHO.

"Shikamoo. Silaha haiingii."
"Marahaba. Nami siingii bila yake."

Nikamwonyesha kisanduku, kufuli, kibao nambari saba.
Akakitazama kama mtu aliyeandaliwa
wali wa jana.
"Hii si yangu, dada. Ni ya serikali.
Nimeitilia sahihi, yenyewe na risasi zake,
moja moja, kama watoto wa shule.
Nikimwachia mwingine, hata nikienda msalani,
mhalifu ni mimi."

Foleni ikajikunja pembeni.
Mama mmoja akambeba mtoto aliyekwisha kujua kutembea.
Meneja Shekuwe akatoka na waraka mkononi,
akausoma wote, mpaka sahihi ya chini.
"Waraka hausemi polisi. Unasema mteja."
"Basi mimi si mteja?"
"U mteja. Ukiwa huna hiyo."
"Nikiwa sina hii, hata Witu sitoki."

Wote wawili wana haki.
Hapo ndipo pagumu:
mwongo ungemjua, ungemsukuma kando.
Mimi na rungu langu la mvinje
tulisimama katikati ya haki mbili
tukitoka jasho.

Ni Raya wa dirisha la pili aliyeinuka,
fomu kwapani, muhuri mkononi.
"Mlango haumtaki yeye," akasema,
"lakini mimi mlango wanijua."
Akaketi barazani, akapanga karatasi mapajani.
Buya akaketi pia, mtutu juu, kitako chini,
bunduki katikati ya magoti
kama mtoto anayesubiri kunyolewa.
Akatia sahihi polepole.
Pesa za ufuta, magunia matatu,
elfu kumi na moja na mia nne.

Akashika noti. Asihesabu.
Akatazama kwa punda wa saruji,
akatazama kwa vijana wa gatini,
mtu ambaye hulala barabarani usiku
ili magari ya wenzake yapite.
Kisha akaninong'oneza, bila kuniangalia:
"Dada, simama hapa mgongoni kwangu.
Mikono yangu yote miwili inahesabu."

Nikasimama.
Rungu nikalishika vizuri, kwa mara ya kwanza
tangu nilipokabidhiwa.
Akahesabu. Zikapungua mia mbili.
"Rudia," nikamwambia.
Akarudia, akilamba kidole. Zikatimia.
Akazitia soksini, akatengeneza leso begani,
akashika njia ya gati.

Bi Mwanaesha alikuwa amesimama muda wote ule,
mkono mmoja ukutani, mmoja gotini.
"Haya, mwanangu," akasema, akanyanyua buibui kidogo.
"Huyo kesha kwenda zake.
Nipekue mie jambazi."

Kijiti kikalia.