Kasuku wa Nawabu

Kazi yangu ilikuwa kusaga.
Nili siku ya Jumatatu, zingefuri hadi Alhamisi,
dhahabu peke yake, kwa asali na kidole cha kati,
mlango umefungwa ili upepo usitajirike.

Bwana wangu Venkatayya alichora kwa brashi ya unywele mmoja
wa mkia wa kindi,
na kati ya pumzi na pumzi ukaota ukope.
Alikuwa haoni tena ng'ombe barabarani.
Ukope aliuona.

Begamu Mahbanu akaja na karatasi ndani ya hariri.
Marehemu mumewe, Nawabu mzima, mkubwa kama kiganja:
kanzu ya melimeli, goti laonekana kupitia kitambaa,
ua mkononi, kasuku begani,
duara la nuru nyuma ya kilemba,
na pale penye uso, waa.
Jeupe, laini, kama yai lililomenywa.

"Panya," akasema Begamu.
Katibu akaandika: panya.

Bwana wangu akaiinua karatasi dirishani,
akainusa.
Hakuna panya hapa Kadapa
anayejipaka mafuta ya waridi.
Miaka kumi na mitatu ya ujane, kila usiku,
midomo ileile mahali palepale.
Haba na haba hujaza kibaba;
haba na haba pia hukimaliza.

Nikasaga rangi ya ngozi: unga wa kombe,
chembe ya zingefuri, njano ya kudokolea,
gundi ya mgunga iliyochujwa mara mbili.
Ikakauka kwenye kaure. Nikasaga tena.
Ikakauka.
Yeye ameketi, goti moja juu, brashi mdomoni,
akilitazama waa lile
kama mtu aliyefungua kwa bahati mbaya
barua isiyo yake.

Siku ya nne akamtengeneza kasuku.
Bawa la kijani, jicho jipya,
ukucha mmoja uliokuwa umefifia.
Pambizo zikala dhahabu yangu yote.
Kisha akaniambia nigeuze karatasi,
niisugue mgongo kwa jiwe la akiki,
taratibu, nisikaribie sehemu ya kichwa.

Nilijua tutachapwa.
Nilikuwa nimevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine.

Begamu akaitazama kazi. Akaisogeza kwenye taa.
Katibu akachovya kalamu, akangoja,
wino ukamdondokea gotini.
Begamu akahesabu sarafu, bei ya uso mzima,
akaikunja hariri yake.

"Kasuku," akasema,
"amefanana sana."