Pete ya Shaba

Katika mto Fal, kule Cornwall, injini imepigwa marufuku.
Chaza huvuliwa kwa tanga na kwa mikono,
Oktoba hadi Machi, baridi ikitafuna kucha.
Baba yangu, Denzil Tregear, hakuilalamikia sheria:
"Mwenye injini humaliza chaza.
Mwenye tanga humalizika yeye."

Pete ya shaba ilining'inia kwenye ubao wa kuchambulia.
Chaza akipenya, bado mdogo, anarudi majini.
Akikwama, guniani.
Nilipotimiza miaka sita baba alinikunja ngumi, akaipitisha.
"Imepenya. Rudi majini."
Nikarudishwa kwa shangazi Loveday, nikalia hadi Alhamisi.

Kila Oktoba, ngumi. Kila Oktoba, pete.

Mama alikuwa ameondoka; hilo tuliache.
Baba ndiye aliyenisuka nywele, kwa fundo la nanga.
Baba ndiye aliyekwenda kuninunulia sodo,
akamwambia muuza duka kwamba mashua inavuja.
Shuleni wakaniuliza: kwenu mama ni nani?
Nikampelekea swali. Akanijibu kwa chaza,
maana hakuwa na kamusi nyingine.

"Huyu huanza maisha akiwa dume.
Humwaga mbegu mtoni, barua zisizo na anwani.
Kiangazi kingine maji yanapata joto, naye ni jike:
anavuta maji, na ndani ya maji mna mbegu za majirani,
anaatamia mayai humo humo, katikati ya matamvua.
Akishazaa hurudi udume.
Kisha tena, kadiri mwili unavyoamua.
Umwite nani? Mwite yeye.
Yeye inatosha."

Julai moja mgeni aliokota chaza maji yalipokupwa,
akambandua kwa bisibisi.
Ndani, uji mweusi.
"Ameoza!" akamrusha matopeni.
Baba alimfuata chaza yule kwa magoti.
"Ana watoto," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Akanipa lenzi yake.
Uji huwa mweupe kwanza, kisha kijivu, kisha mweusi,
kadiri vichanga vinavyovaa magamba tumboni mwa mzazi.
Siku nane, siku kumi.
Nilichodhani ni tope kilikuwa umati unaozunguka,
kila mmoja na magamba mawili yasiyofika ukubwa wa chembe ya chumvi,
kila mmoja na malaika mwilini wa kuogelea,
na malaika ni wao wenyewe.

Milioni hutoka. Samaki hula, mawimbi hula.
Wanaobaki huelea wiki mbili, wakaota doa la jicho
na mguu mmoja: jicho la kutafutia makao,
mguu wa kuyapapasa.
Wakipata gamba safi hujibandika kwa saruji yao, ubavu wa kushoto,
kisha mguu unayeyuka, jicho linazimika.
Wamefika. Hawahami tena.
Ndiyo sababu baba aliwadai wenye mikahawa makombe matupu
kama mtu anayedai kodi ya nyumba,
akayarudisha mtoni, ndoo kwa ndoo,
huku akinuka ndimu za watu.

Nilipofika kumi na mbili ngumi ilikwama.
Akaisukuma mara mbili, kuhakikisha.
Hakusema kitu. Akanipa kasia.

Mwaka jana, wodini, alinitaka nimletee pete.
Ile mikono ilikuwa imebaki mishipa na fundo.
Akaunda ngumi, akaficha kidole gumba ndani, mdanganyifu mkubwa,
ikapenya, ikabaki nafasi.
Akacheka mpaka muuguzi akaja.
"Unaona? Sheria ni sheria."

Leo ubaoni nina chaza mmoja aliyekwama nusu.
Nimemzungusha huku, nimemzungusha huku.
Mvua imeanza, Kerensa anauliza tunasubiri nini.