Sanduku la Mirsini

Liko wazi juu ya kitanda tangu saa kumi na moja alfajiri.
Joto la Athene limewatangulia hata wauza mikate.
Feni inageuza shingo huku, inageuza huku,
kama shangazi aliyeona jambo na hataki kuulizwa.

Siku kumi na nne kisiwani Anafi.
Siku kumi na nne kwa baba yake.
Nahesabu chupi kumi na nne, naongeza tatu,
maana mtoto wa miaka tisa haaminiki,
wala bahari, wala Anestis na mashine ya kufulia.

Vazi la kuogelea nimenunua kubwa kidogo:
mwaka huu msichana anarefuka kama deni.
Viatu vya mpira, kwa ajili ya nungu wa baharini
wanaokaa mawe ya chini wakisubiri nyayo laini za mjini.
Dawa ya kupaka akiguswa na yavuyavu.
Vidonge vya kichefuchefu cha meli: nusu, jamani, si kizima.
Kitabu cha volkano alichokiacha ukurasa wa arobaini,
mlima ukiwa bado haujalipuka.
Taulo mbili. Sweta, kwa sababu kule upepo wa Agosti
ukivuma usiku humpokonya mtu neno mdomoni.
Kofia pana ya ukindu.
Pampu ya pumu. Pampu ya pili.
Na mafuta ya kuzuia jua, chupa nene,
nimeiandika kwa kalamu isiyofutika:
MASIKIO. NYUMA YA MAGOTI.
Anestis husahau nyuma ya magoti.
Nilikuwa mkewe miaka kumi na mmoja;
magoti yangu yalikuwa mashahidi.

Anaingia pekupeku, anakula pichi,
maji ya tunda yanamtiririka hadi kiwikoni.
Anachungulia sandukuni kama afisa wa forodha.
“Mama, taulo wanazo.”
Natoa taulo.
“Na sweta usiweke. Rula amenifumia.”

Feni ikageuka. Ikarudi.

Amenifumia.
Basi ni kazi ya majira ya baridi, jioni baada ya jioni,
sindano mbili zikinong’onezana karibu na jiko,
saa zile zile nilizokuwa kwenye simu na dada yangu
nikimchambua huyo mwanamke kama dagaa,
kichwa huku, utumbo huku.
Na vipimo alivipata wapi?
Mkono wa mtoto haupimwi kwa kukisia.
Mtu alisimama wima, mikono ameinyoosha,
akapitishiwa utepe begani hadi kwenye kifundo,
akarudi nyumbani, akala dengu zangu,
asiseme.
Kumbe naye amejifunza kufungasha:
kipi kikae juu kionekane,
kipi kilale chini kabisa, ndani ya soksi.

“Ina rangi gani?” nikauliza.
“Manjano. Mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe.”
Akasubiri, pichi imesimama hewani,
aone uso wangu utaelekea wapi.
“Manjano inakupendeza,” nikasema.
Akauma tunda.

Nikatoa sweta yangu. Nikatoa chupi tatu.
Sanduku likafunga kwa mkono mmoja,
na mimi niliyekuwa nimepanga kulikalia!

Bandarini Pireo lami ilikuwa inanata kwenye viatu.
Malori yalipanda kwanza, ya matikiti na mitungi ya gesi,
kisha mabibi waliobeba paka kwenye vikapu,
kisha Anestis, mwenye bashasha, amechelewa,
tayari pua imemwiva.
Nyuma yake Rula, mdogo wa umbo kuliko nilivyomchukia,
ana vidole vya mtu anayejichoma na sindano.

Pampu sikumpa Anestis.
Nilimwekea Rula kiganjani, nikakifunga kiganja.
Ya pili, nikasema, iko mfuko wa pembeni.
Na mafuta ya jua, nikasema, usisahau
nyuma ya—

“Magoti,” akasema. “Najua.
Huyu bwana huwa hakumbuki.”