Nyuma Yangu Mtu Mmoja

Ziwa la Viljandi liliniuma hadi kwenye meno.
Mita mia tatu tu, walisema,
kana kwamba hiyo "tu" ni boya la kushikia.
Mtu akanipiga teke la shavuni, akaniomba radhi
kwa adabu zote, huku akimeza maji.

Nilipotoka, nyuma yangu mtu mmoja.
Soksi zikagoma kupanda miguu iliyolowa;
dakika nne nazibembeleza,
na Urmas nyuma ya kamba anapiga kelele:
"Ziache! Ziache hizo!"

Baiskeli ni ya marehemu kaka yangu.
Kilimani mnyororo ukakohoa
kama yeye miezi ile ya mwisho.
Najua, nikaujibu, najua,
peke yangu katikati ya shayiri.

Kisha mbio.
Miguu si yangu, ni ya meza.
Heino, miaka sabini na mmoja, akanipita,
akanitia mkononi nusu ya ndizi
bila neno.

Saa moja, dakika hamsini na tatu.
Walishaanza kukunja mahema.

Kesho asubuhi niko posta, nagonga mihuri,
na hakuna atakayeuliza
kwa nini nashuka ngazi kinyumenyume.