Taya la Tororo

Taya la kwanza lilipasuka siku ya tatu.
Okecho alilirudisha Jinja kutoka machimbo ya Tororo,
vipande viwili ndani ya gunia la saruji,
akavimwaga mlangoni bila salamu.

Nikautazama mpasuko: umefuata mipaka ya chembe
kama mchwa afuatavyo ufa wa ukuta.
Kosa langu. Umeme ulikatika usiku ule,
nikaliacha lipoe lenyewe tanurini,
polepole, kwa huruma,
na kaboni ikajikusanya mipakani, ikavunja undugu.

Safari hii tulilipasha hadi likaiva rangi ya chungwa.
Nyafwono akahesabu dakika, mimi nikashika mnyororo,
tukalizamisha lote kwa pumzi moja.
Tangi likanguruma.

Chuma kingine, maji hukifanya kigumu.
Hiki cha manganisi, maji hukilainisha:
patasi ikaacha alama.
Okecho akaguna, "Nimeagiza taya, mmenipa posho?"

Lipeleke, nikamwambia. Lilishe mawe.
Ugumu wake hauko huku kwetu,
uko kwenye jiwe litakaloligonga.

Miezi minane sasa.
Jana kapiga simu: uso unang'aa kama kioo,
msumeno unateleza tu.
Na ndani? Hajui.

Mimi najua. Ndani bado laini.