Zima Feni, Usikilize

"Zima feni kwanza," alisema Geesje Wolterink,
"kisha taa. Kisha jizime na wewe."

Tukasimama gizani.
Kuku elfu kumi na nane walitulia taratibu
kama mchele unavyotulia guniani
baada ya kutikiswa.
Nje, Gelderland yote ilikuwa imeganda,
hata mfereji ulikuwa umefumba mdomo.

Dakika ya kwanza, hakuna.
Ya pili, kule ndani, karibu na ukuta wa kaskazini:
chi.
Chafya ya kiumbe asiye na kiganja cha kuzibia mdomo.

"Umesikia?"
Nilisikia. Nikasikia na nyingine, upande wa mabomba ya maji,
halafu kile kimya kinachohesabu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
lakini mgeni huyu hana mguu.
Hakupita langoni, hakukanyaga beseni la dawa,
hakuandika jina kwenye daftari la Geesje
ambamo mimi mwenyewe niliandika: Ponmalar,
daktari mwanafunzi, saa kumi na mbili jioni, viatu vimebadilishwa.
Alikuja na pumzi, akakaa kwenye pumzi.
Wiki tatu walikuwa wameziba matundu ili kuokoa gesi;
amonia ikapanda kutoka kwenye mavi, ikakwangua makoo,
ikang'oa vile vinyweleo vinavyofagia vumbi.
Aliyeogopa baridi ya mlangoni
aliacha wazi mlango wa koo.

"Kwenu salama," Geesje aliniambia akinawa mikono.
"Jua linaua kila kitu."
Sikumjibu.
Kwetu Namakkal banda ni waya na upepo,
na jua, likianza kuua, huanza na kuku.

Aprili baba akapiga simu.
"Malar, wanakoroma."
"Zima feni, baba, usikilize."
"Feni gani? Umeme umekatika tangu saa nne."
"Basi umeshasaidiwa."
Akacheka kidogo, akailaza simu juu ya gunia la pumba.
Nami jikoni kwa Geesje, koti bado mwilini,
nikasikia digrii arobaini na moja:
midomo iliyoachama,
maji yakidondoka kutoka kwenye paa la makuti,
kunguru, pikipiki ya mchukua mayai,
na katikati ya hayo yote, wazi kama mtu aniitaye,
chi.

Maabara wataipa kila chafya herufi na namba.
Watasema hii si ndugu wa ile, labda binamu,
na chanjo ya huku huenda isiitambue ya kule.
Ni kweli, nimesoma hayo, nimeyafanyia mtihani.
Lakini usiku ule nilisikia silabi moja tu
ikisemwa kwa lahaja mbili.

Vifaranga wa banda la pili wamekua.
Julai, Geesje ananionyesha mmoja:
undu mwekundu, manyoya yanameta, anakula kama wenzake.
Kila asubuhi huingia kiotani,
huzunguka mara mbili, huketi, hujikaza,
hutoka akitangaza.
Chini yake hakuna kitu.
Akiwa na wiki mbili alipiga chafya siku chache, akapona,
na ugonjwa, ukiwa unaondoka,
ukaifunga njia ya yai nyuma yake.

"Huyu ni wa kuchinjwa," nasema, kalamu mkononi.
Geesje hanitazami. Anapenyeza mkono
kwenye makapi alipokuwa ameketi kuku,
anauacha humo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Pana joto," anasema.

Naandika: sifuri.