Kiganja cha Time

Time Shaame, darasa la nne B, Wingwi,
alikuwa akicheka kwa mabega.
Mabega yakipanda, yakishuka,
na kiganja cha kushoto kimekaa mdomoni.
Funika kombe mwanaharamu apite:
na mwanaharamu, kumbe, nilikuwa mimi.

Nilidhani ni haya. Nikamsifu, Mungu anisamehe,
nikawaambia wenzake: tazameni mtoto mwenye adabu.
Zamu yake ya kusoma ikifika
kila neno lilitoka nusu, nusu akalimeza,
na Faki wa dawati la mbele akageuza shingo upande,
taratibu, kwa upole unaoumiza kuliko tusi.

Jumatatu moja baada ya likizo ya karafuu
akaja Bi Zulekha, tabibu wa meno kutoka Wete,
na taya la plasta kubwa kama kiatu,
na mswaki mrefu kama mwiko wa pilau ya harusi.
Hakuhubiri. Aligawa vidonge vyekundu:
tafuneni, msimeze, zungusheni ulimi.

Watoto arubaini na saba wakawa
vinywa vya mabibi wala tambuu.
Utando ulipolala, ndipo wekundu uliponata:
kwa Faki nyuma ya magego,
kwa Mbarouk mbele kabisa, peupe,
kwa mtoto wa mwalimu mkuu pia, tena zaidi.
Kioo kikapita dawati kwa dawati.
Kila mmoja alicheka, kila mmoja alichekwa,
na katikati ya vurumai ile nikahesabu
mikono tisini na minne,
mingine mezani, mingine hewani,
hakuna hata mmoja mdomoni.

"Fizi ikitoka damu mnafanyaje?"
"Tunaacha kupiga mswaki!" Darasa zima, kwa fahari.
"Basi hapo. Damu ile inabisha hodi,
na nyinyi mnajifungia ndani.
Ingieni polepole, pale nyama inapokutana na jino,
asubuhi, na usiku mkishamaliza kula. Mkishamaliza, nimesema,
si halafu tena ubuyu."

Nyumbani kwao Time, nilijua baadaye,
mswaki ulikuwa mmoja, watoto watano,
na bibi aliyetibu kila jino kwa karafuu.
Karafuu hutuliza, bibi, haifagii.
Time alilisema hilo jikoni, akakatwa jicho.
Kisha bibi akakata kijiti cha msuaki,
akakichambua ncha kwa meno yake matatu,
"Haya, nionyeshe huyo daktari wako anavyofagia."

Sisemi dunia iligeuka.
Wiki ya kwanza alitema waridi.
Ya pili, uzi tu.
Ya tatu alinipokea langoni, habari kabla ya salamu:
"Mwalimu, leo mate meupe!"
Sijapata kumpa mtoto alama
akazibeba vile.

Siku hizi anasoma amesimama.
Herufi p inamtoka na pumzi yake yote,
na Faki hageuki,
ila kuuliza wamefika mstari gani.

Na mimi, msifu wa adabu isiyokuwepo,
jana usiku niliinama uani juu ya karai,
tochi ya simu mkono mmoja, mswaki mwingine,
nikafagia pale nyama inapokutana na jino.
Nikatema.
Nikamulika.
Nilisimama muda mrefu, mlango umeegeshwa,
na hakuna aliyekuwa akinitazama,
na kiganja changu kikapanda chenyewe.